Una AC ya R22: uitengeneze, uibadilishie gesi, au ununue nyingine?

Nenda kwenye ile mashine ya nje ya AC yako, futa vumbi pale ubavuni, kuna kibati kimebandikwa kina maandishi madogo. Tafuta herufi R na namba mbele yake, hilo ndo jina la gesi inayoleta baridi. Ukikuta R410A au R32 we endelea na shughuli zako. Ukikuta R22 kaa hapa kidogo, maana siku si nyingi kuna fundi atakuja kukwambia "bosi, gesi imekwisha", na hapo utatajiwa njia tatu nne tofauti, kila fundi anasifia yake kwasababu ndo anayoiweza.

Mi yalinikuta Sinza. AC ya sebuleni, niliyoikuta imefungwa na mpangaji wa kabla yangu, ilikuwa inajazwa gesi kama bajaji inavyowekwa mafuta. Ndani ya mwaka mmoja na nusu niliita fundi mara tatu. Mara mbili za mwanzo ni yuleyule, anakuja na mtungi wake wa kijani, anafunga geji, anajaza, baridi inarudi, analipwa, tunaagana. Nikimuuliza mbona imeisha tena ananambia ni kawaida tu, joto la Dar hili. Mara ya tatu simu yake haikupatikana, akaja kijana mwingine, na huyu hakugusa mtungi kabisa. Aliomba Omo kidogo, maji kwenye kikombe na mswaki mbovu, akakoroga mpaka povu likajaa, akaanza kupaka kwenye maungio ya mabomba moja moja huku anamulika kwa tochi ya simu. Alipofika kwenye nati ya lile bomba jembamba povu likaanza kuvimba polepole, kijicho kimoja, kikapasuka, kikavimba kingine palepale. "Unaona kaka? Inapumua." Nati ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mitungi yote ile niliyolipia ilitokea pale.

Kwahiyo jambo la kwanza kabla hatujalinganisha chochote: gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, leo ikiwa kimiminika kesho mvuke, miaka na miaka. Ikipungua kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia maji ya kujaza pipa lililotoboka, na hilo ni hivohivo iwe gesi ya zamani au ya kisasa.

Sasa kwanini hii R22 inaondolewa? Kwasababu ina klorini ndani yake. Ikitoroka inapanda mpaka kwenye tabaka la ozoni, lile linalotuchujia mionzi mikali ya jua, huko mionzi ya jua inaing'oa ile klorini, na chembe moja ya klorini inavunja ozoni mara maelfu kabla haijatulia. Wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika hili mwaka 1974, watu wakabisha, mwaka 1985 likatangazwa lile shimo la ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kuondoa gesi zinazokula ozoni. Tanzania tuliingia 1993. Iliyoanza kuondoka ni R12 ya kwenye mafriji ya zamani na AC za magari, nchi zinazoendelea tulipewa mpaka 2010. Baada ya hapo zamu ya R22. Ratiba yetu ilianza kwa kusimamisha kiwango mwaka 2013, kikapungua asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na ikifika 2030 kinabaki kile kidogo sana cha kufanyia sevisi mashine za zamani, wastani wa asilimia 2.5, mpaka 2040. Hayo yote ni ukilinganisha na wastani wa mwaka 2009 na 2010. Kwa lugha ya Kariakoo, mzigo unaoruhusiwa kuingia unazidi kupungua huku AC za R22 bado zimejaa kwenye kuta za watu.

Kuna watu wanasema ah shimo lenyewe liko Antaktika, sio juu ya Manzese, na jua letu lilikuwa kali toka enzi za babu zetu. Ni kweli. Ila nchi yenye ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi inawawahi mapema, sidhani kama inafaa kuchezea hicho kichujio cha mionzi hata kidogo.

Vigezo nilivyotumia

Nimelinganisha kila njia kwa mambo yaleyale: pesa unayotoa leo, LUKU (umeme wa kulipia kabla) itakavyokwenda, urahisi wa kupata gesi na fundi miaka mitano sita ijayo, usalama wa ndani ya nyumba, na madhara ya angani, ambayo yana pande mbili, ozoni na joto la dunia. Hizi pande mbili watu wanazichanganya sana. Gesi inaweza kuwa haigusi ozoni hata chembe na bado ikawa mbaya kwa joto. Hapo kwenye joto kuna namba inayotumika, inasema kilo moja ya gesi hiyo ikitoroka ni sawa na kilo ngapi za kaboni dioksidi kwa miaka mia.

Kubaki na R22 lakini kuziba tundu

Kwa leo hii ndo rahisi kuliko zote. Yangu ilikuwa kukata ncha ya bomba, kuitanua upya kwa kale kadude kao, nati mpya, kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo kwenye mabomba, na kujaza. Nusu saa ya kazi, ukiacha muda wa pampu. Kama tundu liko ndani ya koili, yale mabomba yaliyokunjwakunjwa katikati ya mapezi, hadithi inabadilika, na kama unakaa Kigamboni, Masaki au Mbezi Beach unajua upepo wa chumvi unavyokula yale mapezi ya alumini ya nyuma, ukiyagusa yanamomonyoka kama biskuti. Koili ya hivo ukiziba leo kesho inatoboka pembeni.

Kwenye umeme nyingi ni za kuwaka na kuzima, sio inveta (zile zinazopunguza kasi badala ya kuzima). Fanya hesabu ndogo: AC ya zamani yenye nguvu ya baridi ya BTU 12,000 inavuta kama kilowati moja hivi, ukiiwasha masaa nane kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) ikiwa haipumziki ni uniti 8, kwa mwezi 240. Ukikadiria shilingi 350 kwa uniti hiyo ni 84,000 kwa chumba kimoja.

Mafundi wote wanaijua R22, hata aliyejifunzia uchochoroni. Gesi bado ipo ila itazidi kuwa adimu, na kitu kikiwa adimu bongo unajua kinachofuata, ni kuchakachua. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka Vietnam na Brazil na watu wakafa, kumbe ndani kulikuwa na gesi feki iliyochanganywa na kitu kinachoshambulia alumini. Ile ilikuwa R134a feki, sio R22, lakini njia ya kuingia ni ileile, mtungi wa bei poa usiojulikana ulikotoka.

Usalama wake ni mzuri, haishiki moto. Ila fundi akichomelea bomba ambalo bado lina gesi ndani, moto unaigeuza kuwa sumu, ukisikia harufu kali ya kukereketa toka nje haraka. Angani ni mbaya pande zote mbili: ozoni inaila, japo kwa nguvu ndogo kuliko R12 (kama R12 ni 1 basi hii ni 0.055), na joto ni 1,810.

Inamfaa mwenye mashine ambayo bado nzima, tundu dogo linalofikika, na mpangaji ambaye hajui mwakani atakuwa wapi.

Kubadili gesi kwenye mashine ileile

Hapa ndo pana maneno mengi mtaani kwahiyo nitakaa kidogo.

Gesi inayobadilishwa kihalali kwenye AC ya R22 ni kama R407C. Presha zake zinakaribiana na R22, ozoni haiigusi. Lakini sio kumwaga hii na kuweka ile. Mashine ya R22 inatumia oili ya madini, R407C haielewani nayo, inabidi oili itolewe iwekwe ile ya sintetiki, na hiyo oili ya sintetiki inakunywa unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi, sasa fikiria hewa ya Dar ilivyo. Pia R407C ni mchanganyiko wa gesi tatu, ikivuja zinatoka kwa viwango tofauti, kwahiyo ikipungua sana huongezei juu, unaitoa yote unaanza upya. Inajazwa ikiwa kimiminika, kwa mizani, sio kwa kukisia. Ukijumlisha oili, gesi na siku nzima ya fundi anayejua, pesa inakuwa imeshasogea kwenye mashine mpya, na baridi unayopata ni ileile au imepungua kidogo. LUKU haipungui. Na joto la dunia ni 1,774, yaani karibu palepale.

Njia ya pili ya kubadili ni hii ya kimyakimya: fundi anaweka propani, yaani R290, kwenye mashine ya R22, au mbaya zaidi anaweka gesi ya kupikia. Inafanya kazi, tena vizuri, presha zinafanana na oili haina shida, ndo maana inawashawishi. Tatizo ni kwamba ile mashine haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Ina swichi na vifaa vinavyotoa cheche, ina kiasi cha gesi ambacho hakikupimwa kwa ukubwa wa chumba chako, na kibati nje bado kinasema R22, hivo fundi atakayekuja baada ya miaka miwili atawasha moto wa kuchomelea bila kujua kilichomo. Propani ya majokofu kwa kawaida haiwekwi ile harufu ya gesi ya jikoni, ikivuja hunusi kitu, na ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, pale mtoto anapochezea. Hii siipendekezi kwa mtu yeyote na sitaizungukia.

Na R410A au R32 kwenye mashine ya R22 hapana kabisa. Presha ya R410A iko juu kwa kama asilimia 60. Atakayekwambia inaingia mwambie akaanze kwake.

Kubadili kwa R407C kunaifaa mitambo mikubwa, mfano ofisi au hoteli yenye mabomba marefu ndani ya kuta na kompresa nzima, ambapo kung'oa vyote ni hasara kubwa. Kwa AC moja ya chumbani sioni sababu.

Kununua mpya ya R410A

Ndo iliyozoeleka sana madukani miaka iliyopita na bado ipo. Bei inavumilika, mtumba nao upo mwingi. Ukichukua ya inveta LUKU inashuka kweli, kwa hesabu yetu ya juu ikipunguza theluthi tu ni 28,000 kwa mwezi. Angalizo ni bodi yake, umeme ukiwa mdogo au ukirudi kwa kishindo inaweza kuungua na bei ya bodi itakutoa machozi, weka stabilaiza.

Mafundi wanaoijua ni wengi, ila lazima awe na geji za presha kubwa, pampu ya vakyumu na mizani. Haishiki moto, kwa usalama inafanana na R22.

Angani ndo kichekesho. Ozoni haiigusi, sifuri. Joto ni 2,088, yaani kwa kilo inaizidi hata R22 tunayoifukuza. Ndo maana Kigali mwaka 2016 nchi zilikaa tena zikaongeza hizi gesi kwenye mkataba, na kundi la nchi zinazoendelea tulilomo ratiba yake ni kusimamisha kiwango 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, mpaka asilimia 80 mwaka 2045. Kwahiyo R410A leo iko pale R22 ilipokuwa mwaka 2013. Haikukimbii kesho, AC ya miaka kumi itafika mwisho wake gesi ingalipo, lakini foleni imeshaanza.

Inamfaa anayetaka kitu kinachojulikana na fundi wa mtaani kwake, na anayekaa mbali na mji.

Kununua mpya ya R32

R32 ni nusu ya R410A, namaanisha hivo kabisa, R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125 nusu kwa nusu, na ile R125 ndo inayopandisha namba ya joto. Ukiiacha R32 peke yake inabaki 675. Tena mashine inahitaji gesi kidogo zaidi kwa baridi ileile. Daikin waliianzisha kwenye AC za majumbani Japani mwaka 2012, sasa watengenezaji wengi wanayo.

Bei ya AC inakaribiana na ya R410A, kwenye inveta umeme unaweza kuwa nafuu kidogo. Kwavile ni gesi moja tu sio mchanganyiko, ikipungua inaweza kuongezewa, baada ya kuziba tundu lakini, narudia. Inashika moto kwa shida, yaani haiwaki kirahisi kama propani, ila sio ya kuvutia sigara huku unaichezea. Fundi awe na pampu ya vakyumu inayofaa gesi hiyo na madirisha yawe wazi. Wapo mafundi wanaofunga R32 kwa kuisukuma gesi kidogo ipulize hewa itoke badala ya kuvuta vakyumu. Ukiona hivo msimamishe, hewa na unyevu vikibaki ndani kompresa haitadumu.

Inamfaa mwenye nyumba yake, au mpangaji wa muda mrefu, anayewasha AC kila usiku.

Kununua mpya ya R290

Kwa anga hii imeziacha zote mbali. Ozoni sifuri, joto 3 tu. Baridi yake nzuri, umeme mdogo, na kwa chumba cha kawaida inaingia gramu mia tatu hivi badala ya karibu kilo nzima ya R22. India, Godrej walianza kuuza AC zake mwaka 2012, na joto la India unalijua.

Shida ya Dar ni kuipata. Ukizunguka madukani kumi wauzaji nane watakuuliza ndo nini hiyo, na ukiipata swali linakuja nani ataisevisi. Inawaka kama gesi ya jikoni kwasababu ndo ndugu yake. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake imefungwa vifaa vya umeme visitoe cheche na gesi imepimwa kwa ukubwa wa chumba, hivo kuiogopa kupita kiasi haina maana wakati mtungi mzima wa kilo 15 uko jikoni kwako. Ila fundi lazima awe amefundishwa kazi ya gesi zinazowaka. Sio "naijua bosi, zote sawa".

Inamfaa taasisi au mradi wenye fundi wake wa kudumu. Kwa nyumba ya kawaida bado namwambia mtu asubiri kidogo, isipokuwa anapajua atakapopeleka.

Kwenye friji hili swali limejijibu lenyewe: friji nyingi mpya za nyumbani ni R600a, nayo ni gesi inayowaka, gramu chache tu, kiasi cha kujaza kiberiti cha gesi mara kadhaa, na watu wanalala nazo sebuleni bila habari. Ukinunua friji la mtumba angalia kibati hichohicho, la R12 kimbia, R134a ozoni haiguswi ila joto ni 1,430.

Sasa we uko wapi?

Umepanga, mkataba wa miezi sita, AC ni ya mwenye nyumba na ni R22: tafuta tundu, ziba, jaza, basi. Mpigie mwenye nyumba umwambie mapema ili siku kompresa ikifa asishtuke.

AC ya R22 ina zaidi ya miaka kumi na koili imeliwa na chumvi: usiitibu. Nunua R32 ya inveta, ukiweza yenye koili iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, na mwambie fundi ainyonye ile gesi ya zamani kwa mashine kwenye mtungi badala ya kuipuliza dirishani. Kilo moja ikipulizwa ni sawa na tani 1.8 za kaboni dioksidi, kwa "pssss" ya dakika mbili. Tena ile gesi ina soko, wenye R22 bado wanaihitaji.

Una saluni au duka la dawa na AC inawaka kutwa: hapo umeme ndo kila kitu, hesabu uniti kwanza ndo uangalie bei ya mashine. R32 au R410A ya inveta zote zitakulipa, chagua ile ambayo fundi wako ana vifaa vyake.

Una bucha au chumba cha baridi cha samaki cha R22: usikurupuke, mwite fundi wa mitambo mikubwa apige hesabu ya R407C na ya mtambo mpya, zote mbili kwa maandishi.

Uko wilayani, fundi ni mmoja na anajua R22 na R410A tu: chukua R410A, hakuna aibu.

Umeonyeshwa AC ya R22 ya mtumba kwa bei ya kutupa, "bosi hii bado kali": iache hapohapo.

Mi ya sebuleni nimebaki nayo, nati mpya, R22 yake ileile, ya chumbani ndo nikanunua R32. Yule kijana kabla hajaondoka aliomba maka, akaandika pembeni ya kibati cha ile mashine ya nje tarehe na gramu alizojaza. Nikienda kuanika nguo naziona pale, wino umeanza kufifia, na tangu siku ile hakuna aliyeandika nyingine chini yake.